Mafuta ya Chapati Kwenye Daftari la Khisa

"Mama Gachau, umeingia kwangu! Umefungua daftari langu, umesoma mwisho, ukaenda kuusambaza kwenye laini ya maji!"

Hivyo ndivyo Dismas Khisa alivyoniamkia Ijumaa moja saa moja asubuhi, wateja watatu wakiwa wameketi na chapati ya kwanza haijageuzwa. Hakuna umeamkaje, hakuna kuvua kofia. Amesimama mlangoni mwa kibanda changu, daftari juu, kama askari aliyeshika mtu na makosa.

"Nimeusambaza kwa kilo ama kwa mita?" nikamuuliza.

"Usinifanyie mzaha. Nimeenda kufungua mfereji sasa hivi nikapata wanawake wakisema mbuzi aliuzwa na nyanya. Nyanya! Yule bibi kizee! Huo mwisho sijamsomea mtu yeyote. Na haya ni nini?" Akafungua daftari. Pembeni mwa ukurasa kulikuwa na doa la mafuta, la duara, kama ncha ya kidole. Akafungua ukurasa mwingine: doa. Mwingine tena: doa. "Haya ni mafuta ya chapati. Kwenye ploti hii ni nani anapika chapati? Na ni nani ana ufunguo wangu wa pili?"

Wateja wakaacha kutafuna, wakanitazama mimi.

Ufunguo ninao, sikatai. Alinipa mwenyewe, kwa sababu mwaka jana alijifungia nje mara nne. Keateka, mwangalizi wa nyumba ishirini, funguo za watu zote anazijua kwa kuzigusa tu, lakini wake unampotea mfukoni mwake mwenyewe.

"Mzee Khisa," nikamwambia, "mimi nilisoma mpaka darasa la nane na nikapita. Lakini huo mwandiko wako hata daktari hawezi kuusoma. Na kabla hujaniita mwizi, nirudishie maji yangu."

"Nilirudisha."

"Hukurudisha."

"Nilirudisha, mama. Jumanne ile maji yaliporudi, niliuweka mtungi hapo mlangoni pako, umejaa."

"Huo mtungi ulijaa, ukaota miguu, ukaenda zake Githurai?"

Wateja wakacheka. Khisa hakucheka. Alifunga daftari taratibu, akasema jambo moja lililoniuma kuliko matusi: "Nilikuamini na ufunguo." Akaenda.

Sasa wacha nimweleze huyu mtu, maana ukimwona tu ameshika spana hutajua.

Dismas Khisa ni mtu wa Bungoma. Alikuja Thika akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, akaandikwa kwenye kiwanda kimoja cha vitambaa, na huko akakaa miaka ishirini na sita akifanya kazi moja. Alikuwa mkaguzi. Kitambaa kinapita mbele yake juu ya meza ya kioo yenye taa chini, na yeye anatafuta kasoro: uzi uliokatika, fundo, doa, mahali rangi imekosea. Akiiona, anafunga kipande cha uzi mwekundu ukingoni mwa kitambaa, ili wa mbele ajue pa kukata. Kitambaa kikiisha kinakunjwa, kinatiwa lakiri, na karatasi inabandikwa: mkaguzi namba kumi na nne. Jina hakuna. Kiwanda kilipofunga ile sehemu, yeye na wenzake walirudishwa nyumbani, kila mtu na namba yake.

Ndipo akaja huku Mwihoko kuchunga ploti hii ya nyumba za kupanga. Na huku maji yanakuja Jumanne na Ijumaa tu, na mfereji ni mmoja, na mkondo wake ni mwembamba kama mkia wa panya. Mtungi mmoja wa lita ishirini unachukua karibu dakika tano kujaa. Hesabu mwenyewe nyumba ishirini, kila nyumba mitungi minne. Zamani tulikuwa tunapigania nafasi kwenye laini. Mtu anasogeza mtungi wake mbele, mwingine anautupa, wa tatu anashikwa nywele. Khisa akachoka kuamua. Siku moja akaleta kiti, akaketi kando ya mfereji, akafungua daftari, akaanza kusoma hadithi aliyoitunga mwenyewe. Tukanyamaza. Ukipigana husikii, na usiposikia utauliza nani?

Akaona dawa imefanya kazi. Kila Jumanne anaanza hadithi, anaikata karibu na mwisho, na mwisho wenyewe ni Ijumaa. Mwisho wake lazima uwe wa kushtua. Anasema hadithi ambayo msikilizaji anajua mwisho wake ni kama kitambaa chenye tundu, hata kikiwa na rangi gani.

Na kuna jambo moja analolitaka hapa duniani. Kule Thika, mwalimu mmoja mstaafu anaitwa Mwangangi hukusanya watu kila mwaka kwenye ukumbi wa kanisa, wanasomeana hadithi. Kabla ya ukurasa wa mwisho msomaji anasimama, watu wanapewa vikaratasi, kila mmoja anaandika anavyodhani itaisha. Hadithi iliyobahatishwa na watu wachache zaidi inawekwa ya kwanza kwenye kitabu anachochapisha mwalimu, na jina la mwenyewe juu yake. Khisa alienda mwaka juzi, nusu ya ukumbi ikabahatisha. Akaenda mwaka jana, ikawa zaidi ya nusu. Mwaka huu aliniambia, akiwa hapo kwangu na chai yake, "Mama Gachau, nimetia alama vitambaa vya nchi nzima na hakuna hata kimoja kilichoandikwa Khisa. Nataka kuona jina langu limechapwa mara moja. Nikikosa safari hii, sirudi tena."

Ile hadithi ya mbuzi ndiyo aliyokuwa ameiandaa. Mbuzi wa ruracio, wa kupeleka mahari, amepotea usiku wa kuamkia sherehe, na kila mtu, kuanzia bwana harusi na mwenye bucha hadi nyanya mzee, anamshuku mwenzake. Zilikuwa zimebaki siku nane aende Thika, na tayari wanawake wa ploti wanaujua mwisho huku wakikinga maji.

Basi mimi nikasema, huyu amenipaka tope, na tope nitalitoa mwenyewe. Nilifunga kibanda mapema, jambo ambalo silifanyi hata nikiwa na homa, nikaanza kuuliza.

Nilianza na Ajwang', yule msichana wa nyumba namba saba anayeshona sare za shule.

"Ajwang', ni nani alikwambia ni nyanya?"

"Kwani si kila mtu anajua?" Akavuta uzi kwa meno. "Na hata mimi Mzee aliniambia ni mwenye bucha. Kwa siri. Akasema nisimwambie mtu."

Nikashtuka. Mimi pia alikuwa ameniambia kwa siri, na mimi aliniambia ni bwana harusi.

Umeona huyo mzee? Alikuwa ametutegea. Kila mtu alimpa mwisho wake wa uongo, ili ukisikika kwenye laini ajue ni nani mwenye mdomo. Nikakasirika tena upya, nikitembea peke yangu hapo uani nikiongea kama mwendawazimu. Halafu nikatulia nikafikiria. Kama alitupa za uongo tu, ule wa kweli uliponyoka vipi? Ndiyo maana akaona lazima mtu ameingia ndani. Mtego wake ulikuwa mzuri. Ulinasa mtu ambaye hakuwepo.

"Wewe uliambiwa nyanya na nani?" nikamrudia Ajwang'.

"Katunge."

Katunge ni mama wa Kikamba, mjane, alihamia namba kumi na mbili miezi mitatu iliyopita. Anauza ndengu na mbaazi pale stejini kwa matatu. Haongei sana. Mtu asiyeongea sana mimi huwa simwamini, na hapo nikaona nimempata mtu wangu. Lakini sikumwendea moja kwa moja. Mwizi humwendei na kelele.

Nikangoja Jumanne. Khisa alikuja mferejini akiwa amenuna, macho mekundu, wazi kwamba hajalala anatunga nyingine. Kwa kutotaka tupigane, akasoma hadithi ya zamani, ya mtu aliyezikwa na saa ya mwenzake, ambayo wengi wetu tuliisikia kabla Katunge hajahamia. Mimi sikusikiliza hata neno. Nilimtazama Katunge.

Na Katunge hakumtazama Khisa usoni. Alikuwa anatazama mkono wa mzee.

Kabla mtungi wa sita haujajaa, Katunge akainama akaniambia polepole, "Saa ilichukuliwa na aliyechimba kaburi, sivyo?"

Ilikuwa ni hivyo hivyo. Nikamshika mkono wa sweta, nikamvuta mpaka nyuma ya choo.

"Mwaitu," nikamwambia, yaani mama kwa Kikamba, kwa sababu hata ukimshuku mtu mpe heshima yake, "unasoma daftari la Khisa saa ngapi?"

"Daftari gani?"

"Usinichezee. Nimeitwa mwizi kwa ajili yako."

Akanitazama, halafu akacheka mpaka akashika ukuta. "Aiya! Kumbe ndiyo hiyo kelele ya Ijumaa? Mama Gachau, mimi na Khisa tulikaa meza moja Thika miaka tisa. Mimi nilikuwa namba kumi na tano. Wewe mwangalie kidole. Akifika penye kasoro, kidole kinaenda ukingoni, kinapapasa. Alikuwa hivyo kwenye kitambaa, yuko hivyo kwenye karatasi. Kila alipotaja ile kamba ya nyanya ya kufungia mbuzi, kidole, tii, pembeni. Alipotaja bwana harusi hakuna. Mwenye bucha hakuna. Mimi si mchawi. Mtu ananionyesha kwa mkono, mimi nasoma tu."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nilidhani anajua. Nilidhani ni mchezo wake."

Nikasimama hapo. Nikakumbuka Thika, ule ukumbi wa kanisa. Ni kina nani wanakuja kukaa pale Jumamosi? Nusu yao ni wazee wa kile kiwanda. Mzee Khisa alikuwa anawaonyesha wenzake kasoro kila mwaka, halafu anarudi nyumbani akiuliza ni nani alimsaliti.

Na mafuta? Mafuta ni yake. Kila asubuhi anakula chapati yangu kwa mkono, anapitia daftari akitafuna, na akifika penye fumbo kidole kinateleza ukingoni. Yale madoa ndiyo ule uzi wake mwekundu.

Nitasema ukweli, sikukimbia kumwambia. Nilikaa na hilo jambo siku nzima nikilichemsha. Mtu amekuita mwizi mbele ya watu na maji yako hajarudisha, umpe dawa bure? Mwezi wa pili tulikaa wiki tatu bila tone. Mimi nilikuwa na mitungi miwili tu ya kukandia unga. Akaja akiwa na mgeni kutoka nyumbani, nikampa mmoja, nikabaki na mmoja, na siku mbili sikupika. Mtungi wangu aliurudisha mtupu, akasema maji ataleta kwa mtungi wake. Maji hayakurudi mpaka leo. Kwa ploti kama yetu, deni la maji halisahauliki.

Jioni nikamwendea. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, kalamu sikioni.

"Nimempata mwizi wako," nikasema. "Lakini kwanza sema ukweli kuhusu maji yangu."

"Mama Gachau, tafadhali. Nilirudisha." Lakini alisema akiangalia viatu.

"Haya. Lete hilo daftari la mbuzi."

Akalikumbatia kama mtoto.

"Lete, sitalila. Sasa soma mahali palipo na doa. Soma kwa sauti."

Akasoma: nyanya alikuwa akisuka kamba. Doa la pili: kamba ya nyanya haikuwepo msumarini. La tatu: nyanya alisema mikono inamuuma. Penye doa palikuwa na nyanya. Pasipo na nyanya, karatasi ilikuwa safi kama sahani ya mgeni.

"Sasa weka kidole chako juu ya doa."

Akaweka. Kilitosha sawasawa.

Akauleta mkono wake karibu na uso, akautazama mbele na nyuma, kama mtu aliyeambiwa mbwa wake ndiye anayekula kuku wa jirani.

"Na Thika," akasema.

"Na Thika. Wote walikuwa wanakuona."

"Miaka miwili."

"Funga huo mkono kwa kitambaa ukienda kusoma. Ama uutie mfukoni."

Hakusema asante, wala samahani. Nikaondoka nikisema moyoni, haya ndiyo malipo ya kumsaidia mtu.

Jumamosi nilienda Thika pamoja na Katunge. Sikwenda kwa mapenzi. Ajwang' alikuwa ameniambia hadithi mpya inahusu mwanamke anayepika chapati, na mimi nikaona wazi: huyu mzee ananipeleka kunianika mbele ya kanisa. Nikavaa kitambaa changu kizuri cha kichwa. Kama ni kuanikwa, nianikwe nikiwa nadhifu.

Ukumbi ulikuwa umejaa, watu kama sitini. Mwalimu Mwangangi akagawa vikaratasi. Khisa alipanda mbele amevaa lile koti lake la kijivu la kiwandani, limepigwa pasi.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Kwenye ploti moja, wakati wa ukame, mama mwenye mdomo mkali alikopesha maji, na maji hayakurudi. Aliyeyakopa, keateka, anasema aliyarudisha, akaweka mtungi mlangoni. Basi ni nani aliuchukua hapo mlangoni? Kuna jirani mjane anayefunga mitungi yake kwa kufuli. Kuna fundi wa nguo mwenye matope mlangoni wakati hakuna mvua. Na kuna yule mama mwenyewe, ambaye huenda alipokea maji na anataka alipwe mara mbili.

Hapo damu ikanipanda. Mara mbili! Nikataka kusimama, Katunge akanikalia kwenye pindo la sketi.

Na kidole? Kilikuwa wazi, mbele ya watu wote. Hakukifunga, hakukitia mfukoni. Kila alipotaja ile kufuli ya mjane, kidole kilienda ukingoni, kikapapasa. Nikawaona wazee wa kiwanda wakitazamana na kutabasamu, kalamu tayari.

"Masikio ya huyu hayasikii dawa," nikamnong'oneza Katunge. "Nilimwambia kabisa."

Katunge akakunja uso. "Ngoja," akasema. "Kinapapasa sana leo."

Khisa akasimamisha kusoma. Tukaandika. Ukumbi karibu wote uliandika mjane wa kufuli. Katunge, aliyeshuku, akaandika fundi wa nguo. Mimi nilijua ninavyochukiwa, nikaandika: ni mama wa chapati, na ni uongo.

Vikaratasi vikakusanywa. Khisa akafungua ukurasa wa mwisho. Mkono wake sasa ulikuwa umetulia juu ya meza, haukugusa chochote.

Mtungi, akasoma, haukuchukuliwa na mtu, kwa sababu haukuwekwa mlangoni. Siku maji yaliporudi, keateka aliutia kwenye laini, ukafikiwa wa mwisho, mfereji ukakauka kabla haujajaa hata robo. Akasema atalipa Ijumaa. Lakini kesho yake yule mama akamuuliza mbele ya watu wote anaowapangia laini, na yeye, ambaye kazi yake ni kuona makosa ya wengine, akaona aibu, akasema: nilirudisha. Neno likatoka, likakunjwa, likatiwa lakiri. Na kila alipoulizwa tena, alichunga lakiri isivunjike, wakati yule mama ndiye pekee aliyekuwa akisema kweli.

Mzee mmoja huko nyuma akapaza sauti, "Namba kumi na nne, umetufungia uzi mwekundu mahali pazima!" Watu wakapasuka kwa kicheko na makofi.

Mimi sikucheka. Miezi yote hiyo kuna siku nilikuwa nikiamka usiku nikijiuliza kama kweli ni mimi niliyesahau.

Mwalimu Mwangangi alihesabu vikaratasi mara mbili. Hakuna hata kimoja kilichosema keateka. Akachukua kalamu, akamuuliza jina lake liandikwe vipi kwenye kitabu. Khisa akalitamka taratibu, herufi moja moja, na kidole kikipapasa ukingo wa meza. Alipomaliza akaomba alione limeandikwa. Akalikagua. Akasema, "Ni sawa."

Tukarudi Mwihoko, kila mtu na njia yake.

Jumanne, nilipofungua kibanda, Khisa alikuwa mferejini tayari, na kwenye laini mtungi wa kwanza kabisa haukuwa wake wala wa mwenye haraka. Ulijaa, akaubeba begani, akaupitisha mbele ya wanawake wote waliokuwa wamesimama pale wakimwangalia, akautua mlangoni pangu.

"Lita ishirini, mama," akasema. "Za mwezi wa pili."

Nikafungua kifuniko nikachungulia, maana mtu akishakudanganya mara moja unachungulia. Maji yalikuwa yamefika shingoni. Nikachota kikombe, nikamimina kwenye unga, nikaanza kukanda.

"Ufunguo wako uko pale kwa msumari," nikamwambia. "Unautaka?"

"Wacha ukae."

Akaketi. Chapati ilipoiva nikampa, na kabla hajaishika nikamkatia kipande cha gazeti cha kuishikia.

"Maji yameisha kati yetu," nikasema. "Lakini daftari usilishike na hiyo mikono."

Akafuta vidole, kimoja kimoja, akafungua ukurasa mpya.